Koroboi Kisimani, Wingu Ukumbini

Simu ya saa tatu usiku kutoka Kibaigwa huwa ni ya msiba au ya harusi. Hii ya mwezi uliopita ilikuwa ya harusi. Mpwa wangu, dalali wa mahindi, alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, na kamati ilikuwa imefika kwenye kifungu cha mapambo.

"Mbukwenyi, mjomba."

"Mbukwa. Kwema huko?"

"Kwema kabisa. Watu wa mapambo wanasema tukiwaongeza laki tatu watatuletea wingu. Maharusi watacheza juu ya wingu, kama yale tunayoona kwenye simu."

"Wingu la kitu gani?"

"La barafu kavu. Inatoka Dar kwa basi."

"Itakuwa ndani ya nini?"

Akanyamaza kidogo. "Si ndani ya basi, mjomba?"

Nilimwambia asilipe kwanza, nitampigia asubuhi. Kisha nikakaa barazani hadi mke wangu akaja kuuliza kama kuna mtu amefariki. Nikamjibu hapana, lakini nilikuwa nafikiria mtu aliyekaribia kufariki mbele ya macho yangu, watu wakimcheka. Nilifanya kazi nyuma ya jukwaa Dar es Salaam kwa miaka 16. Taa, pazia, moshi, mawingu, vyote vimepita mikononi mwangu. Na kila nikijiuliza nilijifunza wapi kuiogopa barafu kavu, kumbukumbu hainipeleki Dar. Inanirudisha Ugogo, kwenye mdomo wa kisima.

Nilizaliwa kijiji cha jirani na Kibaigwa, enzi mji ule ulipokuwa kituo tu cha malori kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, kabla soko la mahindi halijaufanya ujulikane nje ya nchi. Kwetu mvua ni ya kuhesabu. Ikikatika mwezi wa nne au wa tano, maji yanatafutwa chini ya ardhi mpaka Desemba. Alikuwepo mzee mmoja mchimba visima ambaye sisi watoto tulimfuata popote alipokwenda na sururu yake. Kabla ya kushuka kwenye kisima kilicholala siku kadhaa, aliwasha koroboi, akaifunga kamba ya katani, akaiteremsha polepole. Ikifika chini inawaka, anashuka. Ikizimika, anakaa kando na kuvuta ugoro.

Siku moja, nikiwa na miaka 9, koroboi ilizimika kabla haijafika chini. Nikamwambia, kwa ujuaji wa kitoto, kwamba imezimwa na upepo. Akanitazama. "Chini ya kisima hakuna upepo, mjukuu wangu. Kilichoizima bado kipo palepale, kinasubiri." Akakata tawi lenye majani mengi, akalifunga kwenye kamba, akawa analipandisha na kulishusha kama mtu anayetwanga, hewa ya chini ichanganyike na ya juu. Alirudia koroboi mara tatu. Alishuka jua likiwa limeshaelekea magharibi, na mwenye kisima akiwa amekwisha kununa.

Sikujua kwamba nimepewa somo la kazi ambayo ningeifanya miaka mingi baadaye. Nilidhani nimeona mzee mwoga.

Nilishuka Dar mwaka 1998. Nilianza kwa kubeba nyaya, nikapanda hadi kwenye taa, na miaka michache baadaye nikakabidhiwa moshi. Fundi mkuu wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku barafu kavu ilipoletwa mara ya kwanza, ikiwa kwenye deli kama la muuza aiskrimu, alifungua kifuniko, akatuonyesha vipande vyeupe vinavyofanana na chaki nene, akasema: "Hii usiishike, usiifungie, usiiinamie." Basi. Hakueleza sababu. Sababu nilizipata mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila moja kwa gharama yake.

Ya kwanza niliilipa kwa ngozi yangu. Alikuja msichana wa kwaya kuuliza ni nini kile, nami nikataka kuonekana mwanaume. Nikachukua kipande kwa vidole vitupu, nikakishika huku nahesabu. Sikufika kumi. Barafu ya kawaida ina nyuzi sifuri. Hii ina nyuzi 78 chini ya sifuri, na haiyeyuki kuwa maji. Inageuka hewa moja kwa moja, ndiyo maana ikaitwa kavu. Vidole viliganda vikawa vyeupe kama vilivyopakwa chokaa, na kufika usiku vilikuwa na malengelenge yale yale ya mtu aliyeungua kwa mafuta ya kukaangia. Tangu hapo sikuigusa bila glavu nene na koleo, wala sikumruhusu mtu aigawe kwa watoto wachezee. Lakini niseme ukweli: hatari hii ya baridi ndiyo ndogo kuliko zote, kwa sababu inauma. Kinachouma kinajieleza chenyewe.

Ya pili aliilipa kijana wetu wa mazoezi. Alitaka kumpelekea mdogo wake kitu cha ajabu, akatia vipande vichache kwenye chupa ya maji ya nusu lita, akaikaza kifuniko, akaiweka kwenye begi chumba cha kubadilishia nguo. Kilo moja ya barafu kavu hutoa zaidi ya lita 500 za hewa. Ukichukua gramu 30 tu, unapata kama lita 16, na zote zinatafuta nafasi ndani ya chupa ya nusu lita. Chupa ililipuka tukiwa jukwaani. Tulidhani ni bomba la taa. Tulimkuta kijana ameshika shavu, damu inapita katikati ya vidole. Sentimita mbili juu zaidi, lingekuwa jicho. Ndiyo maana deli la barafu kavu halikazwi kifuniko: lazima liwe na mahali pa kupumulia. Na hapa ndipo watu wengi wanapojichanganya. Wakishaambiwa isifungiwe kwenye chupa, wanaitoa kwenye chupa na kuifungia kwenye chumba.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae barazani usiku ule.

Ilikuwa mwaka 2007, mchezo wa kuigiza. Katika onyesho la mwisho kijana mmoja anakufa, analala chini, na wingu linakuja kumfunika wakati mama yake anaomboleza. Mtambo wetu ulikuwa pipa lenye maji yaliyochemshwa kwa hita, na kikapu cha chuma kilichojaa barafu kavu. Ukikizamisha kikapu kwenye maji ya moto, wingu zito jeupe linatoka kwenye bomba na kutambaa sakafuni kama maziwa yaliyomwagika. Ukikipandisha, linakoma. Mwongozaji alitaka wingu zaidi ya lile la mazoezi. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi ili giza likolee. Mtu wa kikapu nilikuwa mimi.

Marehemu alilala chali, uso wake ndani ya wingu. Dakika ya tatu au ya nne, watazamaji wa safu za mbele wakaanza kucheka. Kifua cha maiti kilikuwa kinapanda na kushuka. Maiti ilikuwa inahema. Nami nikatabasamu kule pembeni, nikasema moyoni kwamba kijana huyu ni mwigizaji mbovu, hata kufa hawezi. Nikakizamisha kikapu tena ili wingu limfiche vizuri.

Aliyemwokoa ni yule aliyeigiza mama yake. Alipopiga magoti kulia juu ya maiti, aliuingiza uso wake kwenye wingu, akavuta pumzi moja, akasimama. Akaita jina la kijana, jina lake la kweli, si la kwenye mchezo. Watu wakapiga makofi. Akamshika miguu akaanza kumburuta, na makofi yakaongezeka. Ni fundi mkuu aliyepita mbio mbele yangu, akanisukuma kwenye pipa, wakambeba hadi nje uani. Alizinduka akiwa amelowa jasho, analalamika kichwa kinapasuka. Hakukumbuka onyesho la mwisho.

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Lile wingu jeupe ni mvuke wa maji tu, sawa na ukungu wa asubuhi. Barafu kavu ni hewa ukaa iliyogandishwa, ile ile tunayotoa puani, na hewa ukaa haina rangi. Ina uzito kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo inashuka, inajaza mabonde kwanza. Ukungu ukishatawanyika, mtu anadhani hatari imekwisha, kumbe kilichotoweka ni nguo tu, mvaaji bado amesimama. Katika hewa tunayovuta kila siku hewa ukaa ni asilimia 0.04. Nchi nyingi zimeweka asilimia 0.5 kuwa mwisho kwa mfanyakazi wa saa nane. Ikifika asilimia 4 inahesabiwa hatari kwa uhai, na kwenye asilimia 10 mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Mwili unajitetea kwa njia moja: unahema. Yule kijana hakuwa mwigizaji mbovu. Mapafu yake yalikuwa yanapiga kelele, nasi tukacheka.

Usiku huo ndipo nilipoikumbuka koroboi ya yule mzee. Nilikuwa naijua hewa hii tangu nina miaka 9. Sikuitambua kwa sababu ilikuja ikiwa imevaa nyeupe na kupigiwa muziki.

Fundi mkuu hakunifukuza. Aliniambia tu kwamba kuanzia siku hiyo mtu wa kikapu anakaa mahali anapouona uso wa kila aliyeko jukwaani, na mtu akilala chini kikapu kinapanda, hata kama mwongozaji analia machozi. Nimeifuata sheria hiyo mpaka nilipostaafu.

Nadhani angekuwa na amri ya nne kama angesafiri nasi mwaka uliofuata. Tulikuwa na kazi Morogoro. Gari la vifaa lilitangulia, deli la barafu kavu likabaki. Tukalipakia kwenye gari dogo, nyuma ya kiti, kilo kama 20, watu watatu, madirisha juu, kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile ya ndani kwa sababu ya joto na vumbi. Kabla ya Chalinze dereva alikuwa anapiga miayo mfululizo. Kichwa kilinigonga. Kisha nikasikia puani ule mchomo unaoupata ukinywa soda baridi kwa haraka. Hapo nikashtuka, maana mapovu ya soda ni hewa ukaa hiyo hiyo. Nikampigia dereva kelele asimame. Tulishuka tukakaa chini ya mwembe kama walevi.

Pigeni hesabu. Ndani ya gari dogo kuna nafasi ya kama lita 3,000. Kilo moja tu ya barafu ikipotea njiani, na inapotea hata deli liwe zuri namna gani, ni lita zaidi ya 500. Mwaka 2018, katika jimbo la Washington, Marekani, mama mzee alifariki ndani ya gari lililokuwa na masanduku ya barafu kavu ya biashara ya aiskrimu. Hakukuwa na ajali wala moto. Ndiyo sababu mashirika ya ndege yanaihesabu kuwa mzigo wa hatari, na abiria haruhusiwi kuzidisha kilo 2.5, tena kwa idhini na kwa kifungashio kinachopumua. Basi letu la mikoani lenye abiria waliolala halimuulizi mtu chochote.

Wenzetu wa Goma, mashariki ya Kongo, hawahitaji kueleweshwa. Pale chini ya volkano za Virunga, hewa ukaa hutoka ardhini na kutuama kwenye vibonde, hasa usiku upepo unapotulia. Wanaviita mazuku. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtoto anamfuata mbuzi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kujua, kwa kuwa kichwa chake kiko juu ya ziwa lisiloonekana. Kule Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos liliitapika hewa hiyo kwa usiku mmoja ikateremka mabondeni, watu wapatao 1,700 wakafa. Hata hapa nyumbani, Kyejo wilayani Rungwe, hewa ukaa inatoka ardhini yenyewe na huvunwa kwa ajili ya viwanda. Kwa hiyo si kitu cha wageni. Kigeni ni kuileta ukumbini na kuifungia milango.

Moscow walifanya hivyo Februari 2020. Kwenye sherehe ya kuzaliwa, walimimina zaidi ya kilo 20 za barafu kavu kwenye bwawa la kuogelea la ndani ili lipendeze, watu wakarukia humo. Watatu walifariki. Uso wa mwogeleaji uko sawasawa na maji, mahali hasa wingu linapolala. Nilipoisoma habari ile nilimwona tena kijana wetu chali sakafuni.

Asubuhi nikampigia mpwa wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mhadhara, lakini yeye ni mtu wa soko. Nilipofika kwenye hewa isiyoonekana akanikatiza: "Kumbe ni kama kufukiza." Ghalani kwake, mahindi yanapofukizwa kwa vidonge dhidi ya dumuzi, turubai linafunikwa, mlango unafungwa, na hakuna kuli anayeruhusiwa kulala humo hata mvua inyeshe mawe. Hewa ya vidonge ni nyingine, na ina sumu kali zaidi, lakini adabu yake ni moja: usikae nayo chumba kimoja. Mji mzima wa Kibaigwa unaijua adabu hiyo ghalani. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba inahitajika pia kwenye harusi.

Nikamwuliza ukumbi una hatua ngapi. Tukakadiria mita 20 kwa 10, na paa la mita 4, yaani mita za ujazo 800. Watu wa mapambo walitaka kutumia kilo 10. Hizo ni kama mita za ujazo 5.5 za hewa ukaa. Zikichanganyika ukumbi mzima, hazifiki asilimia 1, na mtu wa mapambo atakuonyesha hesabu hiyo kukutuliza. Lakini hazichanganyiki mara moja. Kwanza zinatanda chini. Tuseme zinakaa kwenye nusu mita ya kwanza kutoka sakafuni: hapo ni mita za ujazo 100, na hesabu inaruka hadi asilimia 5 na zaidi. Nikamwuliza: harusini, nani yuko chini ya nusu mita?

"Watoto," akasema. Kisha baada ya kufikiri: "Na mtu akianguka."

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003. Lakini vijana watatu wenye pikapu na pipa hawajioni kuwa mahali pa kazi. Wamenunua wingu kama walivyoliona kwenye simu, bila maneno ya fundi. Wilaya yetu ya Kongwa ilishaliona hilo kwa ukubwa wake: mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga kwenye ardhi na mvua wasizozijua, na kufika 1951 mradi ulikuwa umefutwa. Mashine zilifika salama. Maarifa hayakupanda meli.

Nilimweleza mpwa wangu kwamba zipo njia nyingine. Mashine ya kawaida ya moshi, ukipitisha moshi wake kwenye sanduku la barafu ya maji, hutoa wingu la kutambaa lisilo na hewa ukaa ya kuogopa. Lakini binti alikuwa ameshawaambia rafiki zake, na mimi si mtu wa kuvunja harusi. Tukakubaliana masharti. Kilo 4 badala ya 10. Ije nyuma ya pikapu ya wazi, na mtu asilale nayo chini ya turubai. Dansi moja, dakika mbili. Milango yote miwili wazi, kwa sababu madirisha ya juu hayasaidii hewa inayoshuka. Mlango ndio unaofika sakafuni. Watoto wakae meza za nyuma, au mabegani. Na mtu wa kikapu niwe mimi.

Nilisafiri. Siku yenyewe muziki ulipoanza, nikazamisha kikapu, wingu likatoka vizuri, likawafikia maharusi miguuni, vigelegele vikapigwa. Ndipo upepo wa Ugogo ukaingia kwa mlango wa mashariki, ukalikunja lile wingu kama mkeka na kutoka nalo kwa mlango wa magharibi. Halikukaa hata dakika moja. Mshereheshaji akasema kwa kipaza sauti kwamba mjomba amekula hela ya mawingu, ukumbi ukacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa nimeona kila uso uliokuwa jukwaani, na kila uso ulikuwa wima.

Kilo moja na ushei ilibaki. Vijana wa mapambo walitaka kuiingiza stoo, walikolala wapishi. Niliitoa nje, nikaimwaga kwenye karai chini ya mbuyu, nikavuta kiti nikakaa upande unakotoka upepo. Mpwa wangu alikuja mara mbili kuniita nikale. Nilimwambia atangulie. Ilipofika saa nane usiku karai lilikuwa tupu na kavu, nikaligeuza likatazama chini, nikaingia ndani kula pilau iliyopoa.